Kimya, Pamoja na Kuku

Simu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye mpini wa jembe, jembe nimelisimika
kati ya matofali mawili. Hiyo ndiyo studio.
Taa ni jua la Mvumi, saa kumi na moja kasoro,
likishaacha kuunguza, kabla halijakimbilia vilimani
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.

Upepo wa Julai sina la kuufanya.
Kipaza sauti nimekivalisha soksi ya mwanangu,
bado unapenya, unatafuna karanga
sikioni mwa mtazamaji.

Leo ni mlenda. Namna ya kuuanika,
kuutwanga, kuuchekecha, kuuweka kibuyuni
mpaka mvua nyingine, ikiwa ipo mvua nyingine.
Mjuzi ni mama. Mimi nilisomea uhasibu,
nikarudi na cheti na simu yenye ufa.

Nikamwambia: Ukiona kidole changu, anza.
Tazama hapa, kwenye katundu haka, si usoni kwangu.
Akauliza: Wako wangapi humo?
Nikasema kweli: Mara ya mwisho, sitini na watatu.
Sitini na watatu!
Akaingia ndani, akabadili khanga,
akatoka ameosha na miguu,
ingawa nilimwonyesha picha inaishia kifuani.

Kidole.
"Mbukwenyi," akasema,
akanyamaza.

Nikadhani amesahau. Nikapunga mkono: endelea.
Hakunitazama. Alikuwa amesimama mlangoni pa watu,
hodi ameshapiga,
anasikia ndala zinatafutwa ndani.
Kuku akapita.
Upepo ukamaliza karanga zake zote.
Ndipo akatikisa kichwa, ameitikiwa,
akauliza habari za watoto wao,
akanyamaza,
akauliza habari za ng'ombe,
akanyamaza,
na mvua, huko kwenu je?
Akanyamaza.

Betri asilimia kumi na moja. Mlenda haujaguswa.

Usiku nikakaa kuhariri kwa umeme wa sola ya jirani,
shilingi mia tatu.
Wajuzi wa kazi hii wanasema sekunde tatu:
usipomshika mtu ndani ya sekunde tatu
kidole chake kimeshakuacha, yuko kwa mwingine
anayetumbukia dimbwini na suti.
Basi nikakata kimya cha kwanza.
Nikakata cha pili, cha tatu, cha nne.
Nikaitazama.
Mwanamke anauliza, anauliza, anauliza,
hamngoji mtu,
karani wa sensa jioni ya siku ya mwisho.
Simjui.

Nikavirudisha. Dakika mbili na sekunde kumi na tisa za kimya,
pamoja na kuku.
Bando likakatika asilimia themanini, nikakopa,
video ikapanda alfajiri mnara ukiwa hauna watu.

Wiki nzima: arobaini na mmoja.
Mama akauliza, Wamesemaje?
Nikasema, Wanasikiliza.
Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumapili akapiga Meshaki, mtoto wa mama mdogo,
utingo wa lori la alizeti, yuko Manyoni.
Foleni ndefu, anasema, tuko watano kivulini mwa tela,
nikawawekea mama mkubwa.
Kuna dereva mmoja, Msukuma wa Maswa,
mbukwenyi haijui hata inaliwa na nini,
lakini alipoulizwa habari za ng'ombe
aliweka kikombe chini.
Akasema, Wazima, mama, ila mmoja anachechemea.
Tulimcheka sana.
Kwenye mvua, tulijibu wote.
Mlenda hatukufika, magari yakaitwa.

Nikamsimulia mama. Alikuwa anapepeta,
hakushangaa hata kidogo.
Akatua ungo, akafuta mikono kwenye khanga ile ile,
akauliza:
Mguu upi?